Kutoka Dodoma kesho, watu wawili na IST: Kolo, Kibakwe au Uluguru?

Mtoto wa Nzuguni: Wakuu, mimi na rafiki yangu tumeamua leo hii hii kutoka kesho alfajiri. Tulale sehemu ya milimani, Jumapili jioni tuwe tumerudi. Gari ni Toyota IST. Ipi inafaa kati ya hizo?

Binti Irangi: Kolo. Ni lami ya barabara ya Babati; Kondoa ni kama kilomita 160, na Kolo iko mbele yake, barabarani kabisa. Anzieni ofisi ya Mambo ya Kale palepale Kolo, mlipe kiingilio na mpewe mwongozaji. Michoro ya kale ya miambani ya Mungomi iko mbali na ofisi, kama kilomita kumi, na huko mwisho IST itagonga sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwenye mawe. Iacheni ofisini, chukueni bodaboda, kisha mlima mnaupanda kwa miguu. Vaeni viatu vya kufunga. Na tafadhali, msiimwagie maji michoro ili itoke vizuri kwenye picha, inaharibika. Kulala rudini Kondoa mjini, gesti zipo.

Fundi Chang'ombe: Kwa baridi na kijani, Kibakwe inaishinda Kolo. Shida ni njia. Mnakata kona Mbande, Kongwa, Mpwapwa, halafu Gulwe, na hapo mto Kinyasungwe ndio unaamua kama mnapita. Desemba hadi Aprili mvua inanyesha juu milimani, nyie mko kwenye jua, mara maji haya hapa. Hata reli imeshasombwa sana maeneo hayo. Maji yakizidi nusu ya tairi msiingie: injini ikivuta maji badala ya hewa, konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) zinapinda, na hapo mnazungumzia injini nyingine. Subirini yapungue.

Kiangazi adui ni mchanga. Punguzeni upepo wa tairi hadi PSI 20, mkitoka mrudishe 32, kwa hiyo bebeni pampu. Kushuka mlima toeni D, wekeni gia ya chini. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na hazitashika.

Mtoto wa Nzuguni: Na Uluguru?

Mluguru Halisi: Kilomita 260 kwenda tu, katikati ya malori, halafu ukifika gari haina kazi. Pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, bodaboda mpaka chini ya mlima, mpande Choma au Morningside kwa miguu. Ila hiyo siyo safari ya gari tena, mkuu.

Binti Irangi: Mafuta jazeni Dodoma. Na vijijini ni 50, trafiki wa njia hiyo hawalali.

Mtoto wa Nzuguni: Basi Kolo. Fundi, spana ya magurudumu namba ngapi?

Fundi Chang'ombe: 21. Pimeni upepo wa tairi la akiba leo, IST nyingi linakaa miaka bila kuguswa. Na jaribu kulegeza nati moja ukiwa nyumbani: nyingi zimekazwa kwa mashine, ile spana fupi ya kwenye buti haizitoi. Ikigoma, tafuta bomba la chuma la kuongezea mkono.