Familia ya Pongwe (watu 19)

JUMATANO

[05:52] Mwanaidi: Asalaam aleikum familia. Someni hadi mwisho, msiishie katikati kama kawaida yenu. Ni habari ya Hamadi. Mtoto hasomi, halali, hali. Jana mama yake, wifi Salma, kafungua hesabu ya upatu ampelekee mwenzake zamu yake, kakuta pungufu 240,000. Zimetoka kidogo kidogo, elfu kumi, elfu ishirini, tangu mwezi wa sita, zote zimekwenda kununua almasi za gemu. Almasi za kumvalisha mtu wa kwenye simu! Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Jumamosi hii saa 4 asubuhi tukutane kwangu Temeke, kikao. Na mchango. KILA MTU AJIBU.

[06:10] Amina: 🙏

[06:31] Mwanaidi: Amina, hiyo mikono ni unakuja au unaomba dua?

[08:02] Chausiku: Waaleikum salaam. Pole sana Mama Hamadi.

[08:40] Salma: Wifi, mambo ya upatu nilikwambia wewe. Sikukwambia uyaandike humu.

[08:43] Mwanaidi: Nisamehe wifi. Ila ndugu wasipojua hawatoi, unawafahamu.

[08:44] Salma: Sawa.

[09:15] Mwalimu Rashidi: Waaleikum salaam. Kwa faida ya wote. China tangu 2021, mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa 1 tu kwa siku, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu basi. Nchi kubwa ile imeona hatari. Sisi tunabembeleza. Simu ichukuliwe leo hii, ivunjwe, mambo yaishe.

[09:16] Kombo: (ujumbe umefutwa)

[09:17] Mwalimu Rashidi: Nimeshausoma, Kombo.

[09:17] Kombo: Samahani mjomba.

[09:50] Zuhura: Shikamoo mjomba, shikamooni wote. Nimetoka zamu ya usiku ndiyo naona. Mjomba, Korea Kusini nao waliweka sheria 2011, walio chini ya miaka 16 wasicheze kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Miaka kumi baadaye wakaamua kuiondoa. Kuzuia peke yake hakutoshi.
Hili jambo la kushindwa kuacha gemu linatambulika hospitalini. Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila anayecheza ni mgonjwa. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limetangulia mbele ya kila kitu, na kama anaendelea hata akiona linamharibia. Na kwa kawaida iwe imefika kama miezi 12. Mama Hamadi, kwake imeanza lini?

[10:05] Salma: Kucheza tangu mwaka juzi. Kukesha ni tangu Ramadhani. Nikiamka kuandaa unga wa vitumbua saa 9 usiku naona mwanga chini ya mlango. Nikigonga unazimika. Nikiondoka unawaka.

[10:11] Zuhura: Pole mama. Basi tuanze na daktari wa hospitali ya karibu yenu, akiona inafaa atatoa rufaa Muhimbili, kuna idara ya afya ya akili.

[10:12] Mwanaidi: Zuhura! Mtoto si mwehu.

[10:14] Zuhura: Sijasema mwehu, mama mkubwa. Sukari ya Bibi tunaipeleka kliniki kila mwezi, kuna anayemwita Bibi mwehu?

[10:30] Mwanaidi: Haya. Mpaka sasa wamejibu 5 kati ya 19. Tiki za bluu naziona zote. Twaha, na Muscat nako kumekucha, najua.

[12:58] Twaha: Asalaam aleikum, nilikuwa kazini. Jamani mtoto msimwonee, ujana huo. Apelekwe Pongwe kwa Bibi mwezi mmoja tu.

[13:01] Kombo: Mjomba Twaha, Pongwe kwa Bibi mtandao unakamata juu ya mwembe tu. Hamadi atahamia mwembeni 😂

[13:02] Twaha: 😂😂 Na huko juu atakutana na wewe! Ule mwembe bado unazaa?

[13:04] Kombo: Mwaka huu umepitiliza. Tumekula mpaka tumewapa mbuzi.

[13:05] Chausiku: Niletee ndoo Kombo, nina ujauzito wa embe mbichi.

[13:06] Twaha: Eeeh! Ujauzito??

[13:20] Amina: Kwa kuwa mmeutaja mwembe. Ule uko upande wangu wa kiwanja. Baba alituonyesha mpaka wote tukiwepo. Nashangaa mtu anagawa ndoo.

[13:22] Mwanaidi: Amina, tangu asubuhi mikono tu, leo umefungua kinywa kwa ajili ya mwembe?

[13:23] Amina: Nimefungua kwa sababu kile cha Mabanda ya Papa pia nilinyamaza, nikaja kusikia kimeuzwa.

[13:25] Mwalimu Rashidi: Hati za Mabanda ya Papa ninazo na kila mtu alipata haki yake.

[13:25] Amina: Haya mwalimu.

[13:27] Mwanaidi: TURUDI KWA HAMADI. Mchango. Natakiwa kumrudishia wifi zile 240,000 kabla ya Ijumaa, wanachama wa upatu wameanza kumpitia mlangoni. Mimi natoa 50,000. Nani mwingine?

[13:40] Twaha: Mimi namalizia zilizobaki. Ijumaa in shaa Allah.

[13:41] Mwanaidi: Ijumaa ya mwezi gani, Twaha?

[13:44] Twaha: Dada, usinifanyie hivyo mbele za watu. Yule mtoto simwachi. Kila mwezi namtumia 20,000 ya vitabu, haijawahi kupita.

[13:46] Salma: Shemeji, ya vitabu ipi?

[13:47] Salma: Mimi sijawahi kuiona.

[13:59] Salma: Kwa hiyo bando lilikuwa linatoka kwako. Mwaka mzima nakagua daftari la duka, nahisi kuna mteja sikumrudishia chenji vizuri.

[14:10] Twaha: Wallahi shemeji sikujua. Aliniambia ya fizikia na kemia.

[14:32] Chausiku: Jamani samahani. Hamadi si yumo humu? Mama mkubwa, si ulimwingiza siku ya Idi ili atume zile picha?

[14:33] Mwanaidi: Ya Allah.

[14:33] Mwalimu Rashidi: Mtoe.

[14:35] Jabiri: Asitolewe.

[14:36] Jabiri: Amesoma tangu alfajiri, jina lake liko kwenye waliosoma. Mkimtoa sasa mtakuwa mmemwambia tunaendelea kukujadili, ila usisikie.

[14:38] Mwanaidi: Jabiri mwanangu, uko wapi siku zote? Haya sema, wewe unayajua haya mambo.

[15:21] Jabiri: Shangazi, tangu asubuhi naandika nafuta. Nitasema mara moja.
Mimi lile gemu la watu 100 nimelicheza miaka mitatu, nikadisco chuo mwaka wa pili, mnajua wote. Kikao cha Korogwe mlisema kwa zamu, kila mtu, na ilipofika zamu yangu ikaadhiniwa, mkaenda kuswali, mliporudi mkafunga kikao. Nililotaka kusema siku ile ni hili. Gemu lenyewe halina mahali pa kuishia. Msimu ukiisha cheo chako kinashushwa, unaanza kupanda upya. Usipoingia leo umepoteza zawadi ya leo, kesho yake unaingia ili usipoteze tena. Na mnacheza wanne. Ukitoka, watatu wanapigwa kwa sababu yako, kwa hiyo wanakupigia. Saa 8 usiku mimi nilikuwa na watu watatu wananihitaji, wanajua jina langu, wananisifia. Mchana nilikuwa sina hata mmoja.
Baba alipovunja simu, siku ya tatu nilikuwa nacheza kwa jamaa wa kibanda cha kuchajia, 500 kwa saa. Deni lile nimelilipa mwaka mzima.

[15:24] Jabiri: Nililifuta mara 7. Mara 6 nililirudisha, nyingine hata saa 24 haikufika. Ile ya 7 ilishika kwa sababu hizi. Kwanza niliwaaga wenzangu wa kikosi kwa sauti, nikawaambia nimefukuzwa chuo. Mmoja akasema na yeye pia. Akaunti nikampa Zuhura abadilishe nywila, aweke neno nisilolijua. Mpaka leo silijui. Simu usiku ikawa inalala sebuleni kwa mwenye nyumba. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa kama mbogo, usingizi hakuna, mkono unatafuta simu mfukoni wakati simu iko mezani naiona.
Halafu fundi wa friji hapa Chumbageni akanichukua. Hakuniuliza habari ya gemu. Saa 12 na nusu kila asubuhi anapiga, njoo kuna kazi. Mwezi wa tano nilirudia, siku mbili sikuonekana. Siku ya tatu akapiga saa ile ile, njoo kuna kazi. Hivyo tu.
Sasa ni mwaka wa tatu. Bado nikisikia mlio wake kwa mtu ndani ya daladala moyo unashtuka.

[15:26] Jabiri: Kwa hiyo msimwite kikao. Nawaomba.

[15:30] Chausiku: Jabiri 😭

[15:58] Kombo: Kaka, nisamehe utani wa asubuhi.

[16:40] Mwanaidi: Tumekusikia mwanangu. Lakini bila kikao nani atafanya nini? Lazima watu wakae. Nani analala na mtoto, nani anashika simu, nani anakwenda naye hospitali. Hayo hayajipangi yenyewe. Mwalimu, sema neno.

[17:30] Mwanaidi: Mwalimu?

[18:47] Zuhura: Nimemsomea Bibi yote, kaniambia nirudie ya Jabiri mara mbili. Ametuma sauti, naiandika kwa wenye bando dogo. Sijaongeza kitu.

[18:55] Zuhura: BIBI: "Asalaam aleikum wanangu. Idi, baba yake Hamadi, alipofariki, mtoto alikuwa na miaka 13. Arobaini ikaisha, mkapanda magari, kila mtu kwake. Kabla ya kuondoka mkampa simu. Mkasema itamliwaza. Mimi nilikuwepo uani nikaona, nikasema afadhali, mtoto amenyamaza. Basi hilo na mimi ninalo. Leo imemliwaza mpaka mnataka kumwitia kikao.
Rashidi. Ile simu ya Jabiri uliivunjia kwenye kizingiti cha mlango wangu. Alama ipo. Nikifagia naiona.
Mtoto asiitwe mbele za watu. Kitanda cha baba yake kipo, chandarua nimekifua. Anayetaka kumsaidia akale naye chakula cha usiku. Salma mwanangu, pesa za watu zirudi kesho, msingoje Ijumaa. Mbuzi wangu mmoja auzwe. Na mwembe ni wangu mpaka nife, Amina."

[21:10] Mwalimu Rashidi: Nimesikia, mama.

[21:12] Mwalimu Rashidi: Jabiri, nimesoma.

[21:15] Jabiri: Sawa baba.

[21:40] Salma: Bibi shikamoo. Namshukuru kila mtu. Ila Pongwe atakwendaje na shule iko huku, mtihani uko huku? Na mimi saa 9 usiku niko jikoni, saa 11 niko barazani na vitumbua. Simu nikimchukua ataniambia masomo ya ziada yanatumwa kwenye kikundi cha darasa, na kweli yanatumwa.

[21:44] Zuhura: Mama, yale ya darasa yaje kwenye simu yako, uyasome naye jioni. Na namba ya siri ya pesa ubadilishe leo.

[21:46] Salma: Nilishabadilisha. Nilipobadilisha nililia, nikaona namfungia mwanangu kama mwizi.

[21:50] Mwanaidi: Basi sikilizeni, sisemi kikao. Nasema CHAKULA. Jumamosi, kwa Salma Mbagala, sisi wachache. Jabiri aje kutoka Tanga, nauli natoa mimi. Akae mpaka Jumatatu. Nani mwingine anakuja?

[21:51] Amina: 🙏

ALHAMISI

[02:14] Hamadi: Shikamooni

[02:14] Hamadi: Mama pesa nitarudisha. Nilikuwa nataka kukwambia kabla ya zamu ya yule mama ila ikawa kila siku nasema kesho

[02:16] Hamadi: Kaka Jabiri uko macho?

[02:17] Jabiri: Niko macho. Nakupigia.

[05:49] Mwanaidi: Nimeamka naona ujumbe wa usiku. Hamadi mwanangu, marahaba. Hakuna anayekuchukia humu. Jabiri, mmeongea nini? Amekubali Jumamosi?

[06:20] Salma: Nimeikuta simu yake juu ya friji. Sijui ameiweka saa ngapi. Ameondoka shule, hajasema kitu, chai amekunywa.

[06:22] Chausiku: Alhamdulillah.

[06:25] Salma: Siku moja hii Chausiku. Tusubiri.

[07:05] Twaha: Dada, nimetuma 100,000. Nyingine mwisho wa mwezi. Na ile ya vitabu kuanzia sasa itakwenda kwa shemeji.

[07:06] Mwanaidi: Imeingia. Ahsante. Na mimi 50, zimebaki 90. Mbuzi wa Bibi asiuzwe, tafadhalini. Mwalimu?

[07:30] Jabiri: Tumeongea shangazi. Mengine ni ya kwake. Hospitali anasema atakwenda ila na mama yake tu. Akaunti hajakubali kuitoa, anasema msimu unaisha wiki ijayo. Sikumlazimisha. Nimemwambia kila siku saa 12 na nusu asubuhi nitapiga.

[07:33] Mwanaidi: Wiki ijayo ni mbali Jabiri! Mwambie atoe leo.

[07:58] Mwanaidi: Jabiri?

[08:15] Mwalimu Rashidi: Mwanaidi, mwache. Hizo 90 nazimaliza mimi leo mchana. Na Jumamosi nitapanda basi moja na Jabiri, kama hatajali.

[08:16] Zuhura: Bibi ananituma niseme ameskia.

[09:40] Mwanaidi: Haya. Sasa Jumamosi, mpaka saa hii nina Mwalimu na mimi. Jabiri hajathibitisha. Amina sijui. Kombo hujasema. Chausiku na hali yako usije, ila leta jibu. Wali kilo ngapi nipike? Na nani anawapokea Mbagala, Salma anakuwa kwenye vitumbua mpaka saa 4? NAOMBA MJIBU.