Bonsai, mti unaolelewa mdogo chunguni, imekufundisha subira kwa kosa gani? Tupeane uzoefu

Fikasi Mzee: Wakuu, jana nimekuta waya wa kukunjia tawi umezama ndani ya gome la fikasi yangu, mti wa jamii ya mkuyu. Niliufunga nikasema nitautazama wiki ijayo, ikapita miezi minne, tena msimu wenyewe wa kunenepa. Alama zimelizunguka tawi lote. Nimeumia kweli. Wewe ulikosea wapi?

Mizizi: Umenikumbusha mbali. Wangu ulikufa. Ulikuwa mreteni (juniper), mzuri ajabu. Siku niliyoununua ndiyo siku niliyoupogoa, nikaufunga waya matawi yote, nikaung'oa chunguni na kukata zaidi ya nusu ya mizizi ili uenee kwenye chungu bapa nilichokipenda. Yote hayo mchana mmoja! Halafu nikauweka ndani, juu ya meza, niuone kila nikiamka, na mreteni ni mti wa kukaa nje. Wiki tano ukabaki kijani, nami nikausifu kwa kila aliyeingia. Sikujua kwamba mreteni unaweza kufa na rangi isibadilike kwa wiki kadhaa. Ulipoanza kuwa kahawia nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipokwangua gome kwa ukucha, chini yake pakavu, hakuna ukijani hata kidogo. Kumbe nilikuwa namwagilia maiti. Nililia, na sioni aibu kulisema. Tangu hapo kazi kubwa ni moja tu kwa mwaka: mwaka wa kupogoa sana, mizizi siigusi.

Tawi la Pili: Kumwagilia maiti, hata mimi. Mara mbili.

Asubuhi Njema: Pole sana Mizizi. Ila maji si adui, mimi humwagilia kila siku na miti yangu mizima.

Kokoto: Hapo unawapotosha wageni. Ingiza kidole kwanza, udongo wa juu ukianza kukauka ndipo umwagilie.

Asubuhi Njema: Yangu imepandwa kwenye changarawe, maji hayatuami. Ungeuliza kabla ya kuniita mpotoshaji.

Kokoto: Haki yako, sikuuliza. Mimi mizizi yangu iliozea kwenye udongo wa bustani, ndiyo maana naogopa.

Babu Msonobari: Wajukuu, Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani unaolelewa chunguni tangu 1625. Ulikuwa kwa familia ya Yamaki, Hiroshima, bomu lilipoanguka 1945. Ukapona nyuma ya ukuta wa bustani yao. Mwaka 1976 wakaitunuku Marekani. Aliyeuanza hakuuona ulivyo leo. Mimi nikishika mkasi mkono ukiwasha, huukumbuka mti huo, nikauweka mkasi chini.

Tawi la Pili: Ulipona bomu! Na mimi niliua wangu kwa mbolea, siku tatu baada ya kukata mizizi.

Mizizi: Babu, nimesoma hapo mara tatu.

Fikasi Mzee: Asanteni jamani. Sasa tawi langu nifanyeje?

Kokoto: Likate, chipukizi jipya litatoka.

Babu Msonobari: Usikate! Fikasi hunenepa upesi, liache likue ovyo miaka miwili mitatu, alama zitafifia. Na waya usiuzungushe kuutoa, ukate kipande kipande kwa koleo.

Fikasi Mzee: Niliuzungusha, babu. Gome limechubuka upande mmoja.

Babu Msonobari: Basi lisiguswe tena mwaka huu.