Familia ya Trencavel: naibu wa konti alipataje miji yote ile, na kwanini 1209 aliachwa peke yake?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu habari zenu. Nasoma sana siku hizi kuhusu kusini mwa Ufaransa enzi za kati, hasa Languedoc, na kuna mambo mawili naomba wanaojua wanifafanulie.

La kwanza, ninavyoelewa vikonti ni naibu tu, mfalme anamweka konti atawale jimbo alafu konti nae anaweka mtu wa kumshikia mji, kama liwali hivi. Sasa hawa Trencavel walikua mavikonti lakini kwa nyakati tofauti walishika Albi, Nîmes, Béziers, Agde, Carcassonne na nchi ya Razès, yani walikaa katikati kabisa ya makonti wa Toulouse na makonti wa Barcelona. Naibu anapataje vyote hivyo?

La pili ndo linaniuma zaidi. Mwaka 1209 jeshi la msalaba (wapiganaji walioitwa na Papa kupigana na walioitwa wazushi wa dini huko kusini) liliposhuka kutoka kaskazini, Raymond-Roger Trencavel, kijana wa miaka 24, alipambana nalo bila msaada wowote. Mjomba wake ni konti wa Toulouse, bwana wake kwa ajili ya Carcassonne ni mfalme wa Aragon (ufalme wa upande wa Hispania), wote wazima na wana wapanda farasi wao. Kwanini hakuna aliyesimama nae?

Mwana wa Hati:
Mkuu hilo swali la kwanza jibu lake ni ndoa na muda. Enzi za mfalme Charlemagne na ukoo wake (karne ya 8 na 9) konti na vikonti walikua watumishi wa mfalme kweli, anaweza kumtoa mtu leo akamweka mwingine kesho. Ila karne ya 10 wafalme walidhoofika na kule kusini hawakuonekana tena, basi kila mwenye cheo akakigeuza mali ya nyumba yake, baba anamwachia mtoto. Kufikia hapo jina la cheo halisemi kitu, kinachosema ni ngome ngapi unazo na nani amekuapia.

Trencavel walianzia Albi na Nîmes. Bahati yao ni Ermengarde, mke wa Raymond-Bernard Trencavel. Kaka yake alikua konti wa Carcassonne akafariki 1067 bila mtoto, kwaiyo haki zikamwangukia Ermengarde, Carcassonne, Béziers, Agde, Razès. Yeye na mumewe wakauza haki za Carcassonne na Razès kwa konti wa Barcelona, Ramon Berenguer I, kwa dhahabu. Lakini 1082 mtoto wa huyo konti aliuawa na Barcelona ikaingia kwenye mvutano wake wa ndani, basi Ermengarde na mwanae Bernard Ato wakaichukua tena Carcassonne. Barcelona hawakusahau, na ndo maana wafalme wa Aragon (nyumba iyo iyo ya Barcelona baada ya kuungana na Aragon) waliendelea kudai kwamba Carcassonne ni yao na vikonti anaishika kwa niaba yao.

Na usidhani walitawala kirahisi. Wenyeji wa Carcassonne walimwasi Bernard Ato zaidi ya mara moja, na baada ya uasi wa miaka ya 1120 aliwanyang'anya waasi minara ya ukutani akawapa wapiganaji waaminifu, kila mmoja na mnara wake na nyumba, kwa sharti kwamba yeye na familia yake wakae mjini miezi kadhaa kila mwaka kulinda. Yote haya yameandikwa. Trencavel walitunza kitabu cha hati zao, zaidi ya hati 500, mikataba, viapo, hukumu. Mimi napenda sana vile viapo, vimechanganya Kilatini na Kioksitani (lugha ya wenyeji wa kusini), na anayeapa mara nyingi anajitambulisha kwa jina la mama yake, mimi fulani mwana wa mama fulani sitakunyang'anya ngome hii wala sitamsaidia atakayekunyang'anya.

Binti Mwanakweli:
Nakubaliana na hapo juu, naongezea kuhusu 1209 maana majibu yake yanaanzia mbali. Nyumba hii iliishi miaka zaidi ya 100 kwa kuwachezesha wakubwa wawili. Toulouse wakibana wanakimbilia Barcelona, Barcelona wakibana wanarudi Toulouse. Angalia, 1150 Raymond Trencavel wa kwanza anamwapia konti wa Barcelona, miaka michache baadae konti wa Toulouse anamkamata na kumfunga. Mwanae Roger II anaoa binti wa konti wa Toulouse 1171, alafu 1179 huyo huyo anarudi kuapa kwa Aragon. Ilifanya kazi kwasababu wakubwa wale wawili walikua wanagombana wenyewe, kila mmoja alimhitaji.

Wakati wa Raymond-Roger ule ugomvi ulikua umepoa. Baba yake alifariki 1194 akamwacha mtoto wa miaka 9 hivi. Na kesi ya uzushi ilikua imeshaikalia nyumba yao, Roger II alishatengwa na Kanisa 1178 kwa kumfunga askofu wa Albi, na Wakathari (Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi) waliishi wazi kwenye miji yake. Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, anauawa, lawama anabebeshwa konti wa Toulouse Raymond VI, Papa Inosenti III anatangaza vita vya msalaba. Sasa ona alichofanya mjomba: Juni 1209 pale Saint-Gilles anatubu hadharani, anachapwa, alafu anajiunga na jeshi lile lile. Ardhi yake ikawa salama kwa wakati huo, na jeshi lililokua limeshakusanyika likahitaji pa kwenda. Pa kwenda pakawa kwa mpwa.

Raymond-Roger alijaribu, alienda Montpellier kujisalimisha kwa wajumbe wa Papa wakamkataa. Akarudi mbio Béziers akawaambia watu wajilinde, akaondoka na Wayahudi wa mji kwenda nao Carcassonne. Julai 22 Béziers ikaanguka, watu wakauawa mpaka ndani ya kanisa la La Madeleine. Kanisa hilo hilo ndo babu yake, yule Raymond Trencavel wa kwanza, aliuliwa na watu wa mji 1167, na waandishi wa upande wa jeshi waliandika kwamba ni adhabu ya damu ile. Binafsi hiyo hoja inanikasirisha, watoto wa 1209 wanahusikaje na kisu cha 1167?

Mfalme wa Aragon, Peter II, alikuja Carcassonne kweli, na wapanda farasi wachache, kuombea sio kupigana, maana na yeye alikua mtu wa Papa na macho yake yalikua kwa Waislamu wa Hispania. Alichopata ni kwamba vikonti atoke na wenzake 11, waliobaki waachwe mikononi mwa jeshi. Kijana akakataa. Maji yakaisha, joto la Agosti, tarehe 15 mji ukajisalimisha, watu wakatoka bila chochote zaidi ya nguo za ndani. Yeye akafungwa kwenye gereza la ngome yake na Novemba 10 akafa, walisema kuhara damu, wengine wakasema kauawa. Ardhi ikapewa Simon de Montfort, bwana wa kaskazini aliyekua kwenye jeshi lile, baada ya wakubwa wengine kuikataa.

Msomaji wa Usiku:
Dada asante sana, hapo kwenye wenzake 11 nimeguswa. Na familia ikaishia pale pale?

Mwana wa Hati:
Hapana, alikua na mtoto wa miaka 2, akalelewa kwa makonti wa Foix. Mwaka 1240 alirudi na wenzake waliofukuzwa wakaizingira Carcassonne karibu mwezi mzima, ila jeshi la mfalme wa Ufaransa likaja wakashindwa. 1247 akaachia madai yote kwa mfalme huyo, Louis IX, na mwaka uliofuata akaenda nae vitani mashariki. Kuta mbili unazoziona kwenye picha za Carcassonne leo nyingi ni kazi ya wafalme baada ya hapo, na zilikarabatiwa sana karne ya 19. Ya Trencavel tafuta ile ngome ya ndani.

Kijana wa Makumbusho:
Mnisamehe kuchelewa, ila linganisheni na jirani zao mavikonti wa Narbonne. Kule Ermengarde mwingine alirithi akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa kwenye vita vya Fraga, Hispania, 1134, konti wa Toulouse akataka kumuoa ili auchukue mji, majirani wakaungana kumzuia, Trencavel wakiwemo, na mwanamke yule akatawala mwenyewe karibu miaka 50, akaamua kesi, akaenda na watu wake kwenye vita vya Tortosa 1148. Mwaka 1209 Narbonne walijisalimisha mapema kabla jeshi halijafika, na wajumbe wakawapokea. Uvikonti wao ukaendelea mpaka 1447 ulipouzwa kwa konti wa Foix. Kwaiyo mkuu nadhani swali lako la pili lina nusu nyingine: kwanini Narbonne walikubaliwa na Raymond-Roger pale Montpellier akakataliwa. Mimi naona ni kwasababu Toulouse alishaponyoka, na watu maelfu waliotembea kutoka kaskazini wasingerudishwa mikono mitupu.