Shairi la kukunja nguo linageuka mahubiri: nirekebishe wapi?

Swali
Wanabaraza, naandika shairi la beti nne kuhusu kukunja nguo. Mshororo wa kwanza ni huu:

*Nakunja nguo za mwana, kwa upendo wa moyoni*

Mizani 16 zimetimia na vina vipo, ila mshororo umepoa. Kazi ndogo ya nyumbani hubebaje maana bila mtunzi kuitangaza?

Jibu
Dosari iko kwenye utao, yaani kipande cha pili cha mshororo. "Upendo wa moyoni" ni hitimisho: msomaji amepewa jibu kabla hajaiona nguo yenyewe. Weka kitu kinachoonekana:

*Nakunja nguo za mwana, kiraka kiko gotini*

Mizani ni zilezile na kina cha -ni kimebaki, lakini sasa yumo mtoto anayetambaa na umo mkono ulioshona. Usije ukabadili "mwana" kuwa "mtoto": m- ya mtoto ni silabi kamili, ukwapi (kipande cha kwanza) utafika mizani 9 badala ya 8.

Jibu
Chunguza na vitenzi. Anika, anua, kung'uta, nyoosha, kunja: kila kimoja ni tendo lake, na "anua" pekee chaweza kuleta wingu la mvua bila kulitaja. Shika na-, acha hu-. "Hukunja" ni mazoea ya mtu yeyote. "Nakunja" humsimamisha msomaji mbele ya rundo. Futa "polepole" na "kwa utulivu". Ukimya husikika pale kibanio kinapoanguka sakafuni.

Jibu
Mimi naona ugonjwa mkubwa zaidi huwa kwenye kibwagizo, mshororo unaorudiwa kila ubeti, nacho hujakionyesha. Kazi za nyumbani hujirudia, kwa hiyo kibwagizo kinazifaa mno. Lakini kikibeba funzo, beti nne zitahubiri mara nne. Kipe tendo tupu, mathalani "Nakunja, naweka juu". Ubeti wa kwanza, ni juu ya rundo. Wa nne, ni nguo isiyomtosha tena mwenyewe, inapandishwa juu ya kabati. Neno halijaguswa, uzito umehama.

Jambo hili lina mizizi. Katika utendi wake wa 1858, mshairi Mwana Kupona anapomwusia binti yake kuhusu ndoa, anashuka hadi kwenye kumpepea mume aliyelala.

Muulizaji
Asanteni. Kibwagizo changu kilikuwa "Mapenzi ndiyo nguzo yetu". Nakitoa, tena nimekihesabu sasa hivi: mizani 9.