Tupeane uzoefu: mtoto asiyetulia darasani, walimu walimchukuliaje?

Mama Kulwa: Jana kwenye kikao cha wazazi mwalimu kasema mbele ya watu mwanangu ana mashetani. Yuko la tatu. Daftari hamalizi, penseli hazikai, jibu analiropoka swali halijaisha. Mlifanyaje wenzangu?

Mzee wa Feri: Fimbo. Sisi tulinyooka.

Binti Songea: Mlinyooka au mliacha shule?

Nyakato: Umenikumbusha mbali. Mdogo wangu, Sengerema hiyo. Ukimtuma kufuta ubao, anafika nusu njia kashasahau. Siku moja nimetumwa chaki nikapita dirishani kwao: mwalimu wa hesabu kamfunga mguu kwenye dawati kwa kamba ya katani, dogo kajikojolea, darasa zima linamlilia "meee". Bibi kupata habari akaja moja kwa moja kutoka shamba, akaikata ile kamba kwa panga mbele ya mwalimu mkuu, hakutamka neno. Dogo hakurudi tena shule. Leo ni fundi wa injini za boti, akishika mashine hata kula anasahau. Halafu mtu aniambie hana akili!

Kipanga: Bibi na panga 😂😂

Ticha Mkoani: Mnatulaumu bure. Nina watoto zaidi ya mia chumba kimoja. Huyo namkalisha mbele, namgawisha madaftari, maelekezo nampa moja moja. Anaandika.

Wakili Mtaani: Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni.

Kipanga: Kitabu gani ndugu? Unaishi Tanzania hii?

Otis wa Kisumu: Huku kwetu viboko vilipigwa marufuku 2001. Bado vinachapwa.

Shangazi: Huo usonji. Mnyime soda.

Nesi Zu: Shangazi, usonji ni kitu kingine, na sukari haileti hali hii. Inaitwa ADHD, yaani mtoto anapata shida kutulia na kukaza umakini. Daktari huangalia kama dalili zina miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zipo nyumbani na shuleni pia. Mwalimu aeleze anachokiona, kutaja ugonjwa si kazi yake. Na mabinti wanaoduwaa kimya hakuna anayewashtukia, wanaitwa wavivu tu. Mama Kulwa, nenda kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa, beba na madaftari yake.

Mama Kulwa: Asante dada. Baba yake anasema naye alikuwa hivyohivyo.

Nesi Zu: Huwa inarithiwa sana.

Kipanga: Nyakato usikimbie, yule mwalimu alifanywaje?