Mrejesho: intaneti iliyokuwa ikikatika kila mvua ikinyesha, Mji Mkongwe

Ahsanteni sana kwa ushauri wenu. Tatizo halikuwa ruta ya 4G, ni kichwa cha waya wa antena iliyo juu ya paa. Chumvi ya bahari ilikiotesha kutu ya kijani, maji yakaingia ndani. Tumekata sentimita 10 za waya hadi kufikia shaba safi, tukafunga kichwa kipya na kukizungushia tepu ya mpira ya kuzuia maji. RSRP (kipimo cha nguvu ya mawimbi ya 4G yanayopokelewa) imepanda kutoka -114 hadi -97 dBm (ikikaribia sifuri ndiyo bora).

Chumbani bado intaneti ilikuwa nzito: kuta nene za mawe zinameza Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz. Ruta imehamia ukumbini, na Wi-Fi tumeiweka 2.4 GHz inayopenya kuta vizuri zaidi, chaneli 11, maana chaneli 6 imejaa Wi-Fi za majirani. Jamani, pimeni intaneti kwanza kwa kuunga kompyuta na ruta kwa waya, bila Wi-Fi, kabla hamjanunua ruta nyengine!