Tupeane uzoefu: ukitoka kwenda kutafuta, mtoto unamwachia nani?

Mama Pacha, Kisumu
Wadau, Jumapili mheshimiwa mmoja alisimama kanisani kwetu akasema anayoyapa kipaumbele ni mawili: elimu ya umma na malezi nafuu ya watoto. Nilimpigia makofi kwa moyo wote, maana sijawahi kusikia mwanasiasa akitaja deikea kwenye mimbari. Lakini tulipotoka nje tukaanza kuulizana, ataanzia wapi? Basi tuandike tunayoyapitia, nitampelekea.

Naanza mimi. Nauza mitumba Kibuye. Pacha wangu nawafikisha deikea Nyalenda saa kumi na mbili asubuhi, shilingi 70 kila mmoja kwa siku, uji nabeba mwenyewe. Chumba kimoja, mlezi mmoja, na kuna siku watoto wanafika ishirini. Chupa za maziwa huzipanga dirishani, kila moja ameifunga uzi wa rangi yake zisichanganyike. Za wangu ni nyekundu na buluu. Mvua ikinyesha soko halina mteja, lakini 140 lazima zitoke. Ikinyesha siku mbili mfululizo, ya tatu nawalaza kwenye gunia chini ya meza yangu ya nguo.

Wa Maua, Naivasha
Pole dada. Huku kwetu kwenye mashamba ya maua, Januari ikiingia hadi Valentine hakuna kurudi nyumbani mapema, na deikea ya jirani hufunga saa kumi na mbili jioni. Mwaka juzi nilikuwa namwambia msichana wangu wa gredi ya tano, leo baki na mtoto. Mara Jumatatu, mara Ijumaa. Mwalimu akaniita, akanifungulia rejista na kuweka kidole kwenye jina lake. Nililia palepale. Kwa hivyo mtu asiniambie deikea ni jambo moja na shule ni lingine. Binti yangu alikosa masomo kwa sababu mdogo wake hakuwa na pa kukaa.

Baba Watatu, Webuye
Chekechea ya kaunti hapa kwetu ni nzuri na mwalimu ni mzuri, ila watoto wanaachiliwa saa sita mchana. Mke wangu yuko kwenye kibarua cha shamba hadi saa tisa. Hizo saa tatu ndizo zinatumaliza.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Huyo mheshimiwa ni mbunge au mwakilishi wadi? Ulizeni hilo kwanza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Vimetajwa humo waziwazi! Kwa hivyo bajeti ya deikea hupitishwa na bunge la kaunti, wanakokaa wawakilishi wadi. Mbunge muulizeni mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi: sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka, na wakuu wa shule wanajua zinavyochelewa na kuja vipande vipande. Zikichelewa, mzazi ndiye anayetumiwa ujumbe alete pesa. Nilikuwa darasani 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure. Watoto walikuja hadi wakakaa sakafuni, nami nilifurahi kuwaona. Nia ya serikali ikiwepo, watu huitika.

Na msisahau Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa kike wa Kwale, alitolewa ukumbini Bungeni kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Ikiwa mbunge alikosa pa kumwacha mwanawe siku hiyo, mama wa Kibuye je?

Mlezi, Manyatta
Mimi niko upande wa pili. Leo nina watoto 16. Nikiongeza shilingi 10, watatu hawarudi kesho, kwa hivyo siongezi. Kutoka kaunti nataka maji, choo cha kimo cha mtoto, na zaidi ya yote tufundishwe huduma ya kwanza. Mwaka jana mtoto alikabwa na kipande cha ndizi mikononi mwangu. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni kama nilivyomwona mama yangu akifanya, kikatoka. Usiku huo sikulala, kwa sababu nilikuwa nabahatisha. Mama Pacha, tafadhali hilo la mafunzo liandike juu kabisa. Na hizo nyuzi naanza kesho, huku tunaandika majina kwa kalamu na yanafutika tukiosha.